Koopu ya Ohio: mshahara mkononi, krediti kwenye transkripti, na bei unayolipa

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa kwenye daladala: nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya pesa, na hiyo pesa nitaieleza wazi.

Ninachokipitia hapa ni mpango wa koopu wa chuo ninachosomea uhandisi wa mitambo, jimbo la Ohio, nikiwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni. Koopu ni mafunzo kazini, lakini si yale ya kwenda kukaa. Unasoma muhula mmoja darasani, muhula unaofuata unaajiriwa kwenye kazi inayoendana na masomo yako, unalipwa mshahara kama mfanyakazi yeyote, na chuo kinakuandikia krediti. Kisha unarudi darasani. Mimi nimekwenda raundi mbili, zote kwenye kiwanda cha kusindika nyanya, kitengo cha matengenezo. Sitakitaja kiwanda wala chuo, kwa sababu nina ya kuwalalamikia wote wawili na sipendi kumharibia mtu jina.

Najua waliosoma nyumbani watasema, mbona hiyo ni fildi tu. Nilidhani hivyo na mimi, kwa kuwa fildi nimekwenda. Nilipokuwa nasoma diploma Tanzania nilipangiwa ofisi kama kila mtu. Krediti zilikuwepo: fildi inahesabiwa, ina logibuku, ina ripoti, ina maksi. Kilichokosekana ni mshahara. Wenye mkopo walipata fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, sisi wengine nauli ilitoka kwa mama. Na mtu ambaye ofisi haimlipi, ofisi haina haraka naye. Walinipokea vizuri sana, wakanipa kiti karibu na dirisha, na hapo ndipo nilipokaa. Nilipiga fotokopi, nikapeleka mafaili, nikatumwa maji ya kunywa. Mashine niliyokwenda kujifunza niliiona kupitia mlango uliokuwa wazi. Supavaiza wa chuo alikuja, akasaini logibuku, akaaga. Rafiki yangu wa Nairobi alipitia atachimenti ya namna hiyohiyo, na yeye hata bima alijilipia mwenyewe.

Sasa linganisha. Kiwandani nililipwa dola 21 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Meneja anayekulipa dola 840 kila wiki hakuachi dirishani. Nilipofika nilikabidhiwa viatu vyenye chuma mbele, miwani ya usalama, viziba masikio, na kufuli jekundu lenye jina langu.

Hilo kufuli nilieleze, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba nimeajiriwa kweli. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka kila fundi anayeingiza mkono kwenye mashine akate umeme kwanza na kufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo akae nao. Mafundi wanne wakiwa ndani ya mashine moja, makufuli manne yananing'inia kwenye swichi, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe lake. Kufuli la mwanafunzi wa koopu lina nguvu sawasawa na la fundi aliyekaa pale miaka thelathini. Nimeona malori ya nyanya yamepanga foleni hadi barabarani mwezi wa Agosti, juu ya lori nyanya zinaanza kulainika kwa jua, na laini nzima imesimama ikinisubiri mimi nimalize kukaza boliti. Hakuna aliyenifokea. Mkuu wa zamu alisimama pembeni, mikono kifuani, akasubiri. Kwa msichana aliyewahi kufanya fildi ya kubeba mafaili, heshima ile ni kubwa.

Ila mshahara peke yake hautoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuichagua hii huduma. Kiwanda kilekile kila kiangazi kinaajiri vijana wa msimu. Umri wetu mmoja, malipo yetu yanakaribiana. Wao wanasimama sehemu moja ya laini, wanatoa nyanya mbovu na majani, msimu mzima. Hawakosi hela, lakini Oktoba wanaondoka wanajua kilekile walichokuja nacho. Mimi nilikuwa naelekea hukohuko. Kilichonitoa ni krediti.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ili chuo kikuandikie krediti za koopu, lazima iwepo karatasi ya malengo ya mafunzo yenye saini tatu: yako, ya msimamizi wa kazini, na ya mratibu wa koopu wa chuo. Msimamizi wangu wa kiwandani, mtu mwema lakini mwenye shughuli nyingi, alijaza lengo moja: mwanafunzi atasaidia timu ya matengenezo. Mratibu aliirudisha. Akampigia simu mbele yangu, akamuuliza: huyu binti ataweza kufanya nini mwezi wa Desemba ambacho leo hawezi? Kimya. Wakazungumza kwa muda, na lengo lilipoandikwa upya lilisomeka hivi: atachunguza kwa nini beringi za mkanda wa kuoshea nyanya zinakufa mapema, na atapendekeza suluhisho pamoja na gharama zake. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyonipa muhula wangu. Kuanzia hapo kila nilipotumwa kuhesabu vipuri stoo niliweza kusema, kwa adabu, kwamba nina kazi ya beringi na chuo kinaisubiri. Na msimamizi alikuwa anakumbuka saini yake.

Mkanda wenyewe ni mrefu, unapita juu ya maji, na shafti zake zimeshikwa na beringi pande zote mbili. Fundi mkongwe wa zamu ya mchana alinifundisha kuzisikiliza: unashika bisibisi ndefu, ncha yake unaigusisha kwenye nyumba ya beringi, mpini unaubana mfupani mbele ya sikio. Beringi nzima inatoa mvumo laini usiokatika. Inayokufa inakwaruza, kama mchanga kwenye sufuria. Niliwahi kuwaona mafundi wa gereji kule Tanga wakifanya hivyohivyo kwenye injini za Fuso. Nikawa kila asubuhi kabla mzigo haujapanda napita na bisibisi na kipimajoto, naandika: beringi ipi, joto kiasi gani, sauti gani, imebadilishwa lini. Baada ya wiki kadhaa jedwali likaanza kusema lenyewe. Zilizokuwa zinakufa ni zile za chini, upande wa mabomba ya kuoshea. Usiku timu ya usafi inapiga mkanda wote kwa maji ya moto yenye presha na sabuni. Grisi ilikuwa inapakwa jioni, kabla ya kuosha. Maji yanaisukuma nje, yenyewe yanabaki ndani, na asubuhi beringi inaanza kazi ikizunguka kwenye maji.

Mapendekezo yangu yalikuwa mawili: grisi ipakwe baada ya kuosha ili isukume maji nje, na zile za chini zibadilishwe ziwe beringi zenye sili imara (kifuniko cha kuzuia maji yasiingie) pande zote. Meneja aliuliza swali ambalo mratibu alishaniambia litakuja: bei gani? Nilikuwa nayo kwenye karatasi, pamoja na gharama ya kila saa ambayo laini inasimama. Suala la grisi walilitekeleza wiki ileile. Ripoti hiyohiyo niliyompa meneja, niliiongezea sura ya nadharia, nikaipeleka chuoni, ikasahihishwa na profesa kama kazi nyingine yoyote. Kazi moja, ikalipwa na kiwanda na kuhesabiwa na chuo.

Kwa hiyo ukiniuliza ninachokisifu ni nini, ni huko kufungwa kwa vitu viwili pamoja. Mshahara unamlazimisha mwajiri akupe kazi ya kweli. Krediti inamlazimisha akufundishe. Ukiondoa kimoja, unarudi dirishani au unarudi kwenye laini kuokota majani.

Na mpango huu si jambo la jana. Ohio ndiko ulikoanzia: mwaka 1906, Chuo Kikuu cha Cincinnati, chini ya Herman Schneider, walianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliokuwa wakipishana, wiki moja darasani, wiki moja viwandani. Cincinnati wakati huo ilikuwa mji wa watengenezaji wa mashine, na wenye viwanda walihitaji wahandisi wanaojua kushika chuma. Miaka mitatu baadaye Northeastern ya Boston nayo ikaanza, na leo ni moja ya vyuo vinavyojulikana zaidi kwa koopu. Waterloo ya Kanada ilianzishwa mwaka 1957 na koopu ikiwa ndani yake tangu mwanzo. Na usidhani ni mambo ya vyuo vikuu vikubwa tu: LaGuardia, chuo cha jamii kilichofunguliwa Queens, New York, mwaka 1971, kiliwataka wanafunzi wake wote wa muda wote wapitie koopu.

Sasa pesa.

Krediti inauzwa. Chuoni kwangu, muhula wa koopu unasajiliwa kama somo, na somo linalipiwa ada kwa krediti, kwa bei ya mwanafunzi wa kigeni. Krediti mbili za koopu zilinigharimu karibu mshahara wangu wa wiki mbili kabla ya makato. Yaani wiki mbili nzima za kuamka alfajiri, kuvaa viatu vya chuma na kusikiliza beringi, zilikwenda chuoni ili chuo kiandike kwamba nimefanya kazi ambayo kiwanda ndicho kilichonifundisha. Mratibu alimpigia simu msimamizi wangu, alikuja kiwandani, profesa alisahihisha ripoti, sikatai, na kazi yao ina thamani. Lakini darasani kwa ada hiyohiyo napata mihadhara, maabara na mwalimu kila wiki. Bei haipaswi kuwa moja. Vyuo vingine wameliona hili. Northeastern, kwa mfano, mwanafunzi aliye kwenye koopu ya muda wote halipi ada ya masomo kwa kipindi hicho.

Kwa Mmarekani hiyo ni hiari: akiona bei haimfai, anafanya kazi bila krediti na maisha yanaendelea. Kwa sisi wa F-1 mambo ni mengine. Ruhusa yetu ya kufanya kazi nje ya chuo kabla ya kuhitimu, inayoitwa CPT, inatolewa pale tu kazi inapokuwa sehemu ya mtaala. Njia ambayo vyuo vingi vinatumia kuthibitisha hilo ni kukusajili kwenye somo lenye krediti. Hakuna somo, hakuna ruhusa. Hakuna ruhusa, hakuna kazi. Ada ile kwetu ni mlango. Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea.

CPT yenyewe ina masharti ambayo ni bora uyajue ukiwa bado nyumbani. Kwa kawaida lazima uwe umeshasoma mwaka mzima wa masomo kabla ya kuipata, kwa hiyo usije ukimwahidi mzee wako kwamba kiangazi cha kwanza utaanza kutuma hela. Inatolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, inaandikwa kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, ikiwa na jina la mwajiri na tarehe ya kuanza na kumaliza. Ukibadilisha mwajiri, unaanza upya. Usiingie kazini hata siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa, hata kama bosi anakubembeleza.

Na hesabu miezi yako. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, unapoteza OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi mwaka mmoja baada ya kuhitimu, ambayo kwa sisi wa sayansi na uhandisi inaweza kuongezwa miezi 24. Angalia mtego: mipango mingi ya koopu ina raundi tatu, na raundi ya muhula mmoja ni kama miezi minne. Tatu mara nne. Mratibu wa koopu anafurahi umekamilisha raundi zote, kumbe umekula miaka mitatu ya kazi. Ofisi ya koopu chuoni kwetu haikulitaja hili kwenye semina yake, nilielezwa na dada wa Kikenya aliyekuwa mbele yangu kimasomo. Raundi ya tatu nimepanga niifanye kwa saa 20 au pungufu kwa wiki, kwa sababu CPT ya muda nusu haihesabiwi kwenye ile miezi 12.

Jingine ni makato. Slipu yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa na makato ya Social Security (mfuko wa pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 6.2 na 1.45. Kwa dola 840 ni zaidi ya dola 64 kila wiki. Mwanafunzi wa F-1 ambaye kwa kodi bado anahesabiwa si mkazi, na kwa kawaida hiyo ni miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, hadaiwi makato hayo kwa kazi iliyoruhusiwa na viza yake. Dada wa HR, ofisi ya rasilimali watu, hakujua. Nilimpelekea maelezo ya mamlaka ya kodi yaliyochapishwa, kwa upole, nikarudi tena, na mwishowe wakanirudishia yote. Mwajiri akikataa kabisa, kuna Fomu 843 ya kudai kwa mamlaka yenyewe. Kodi ya mapato ya kawaida unalipa kama wengine, na Fomu 1040-NR unaijaza kila mwaka. Kaeni na slipu zenu, jamani. Hiyo dola 64 ni chakula changu cha wiki nzima na salio linabaki.

Tovuti ya chuo ya kutafutia kazi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Matangazo ni mengi, lakini hakuna njia ya kuchuja yale yanayokubali wanafunzi wa kigeni. Unaandika barua, unafanya usaili, unafika swali la mwisho, unaambiwa nafasi ni ya raia na wenye makazi ya kudumu tu. Kazi yangu sikuipata huko. Niliipata kwenye maonyesho ya ajira, uso kwa uso, kwa sababu niliwaeleza tangu mwanzo kwamba CPT haimgharimu mwajiri chochote na wala hahitaji mwanasheria. Waajiri wengi wanachanganya CPT na viza ya kazi. Sentensi hiyo ijifunzeni kwa Kiingereza, muiseme kabla hamjaulizwa.

Usafiri nao ni mtihani. Kiwanda kiko mashambani, hakuna basi. Yule fundi mkongwe aliniambia nyumba yake iko njiani, akanibeba kila siku, na hela ya mafuta alikubali kuipokea baada ya mimi kumng'ang'ania. Watu wote pale wanamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi ulikataa, mtu wa umri wa baba, nikamwita Mista na jina la ukoo hadi mwisho, akazoea. Bila yeye ningelazimika kununua gari, na hesabu yote ya faida ingebadilika. Chuo kinapokupangia kazi porini kingeweza angalau kukuonyesha nani mwingine anaelekea huko.

Kwa ndugu zetu Wakongo na Warundi wa Dayton na Columbus mnaosoma vyuo vya jamii na mna kadi ya kijani: nyinyi hamhitaji CPT, hakuna wa kuhesabu miezi yenu, na ada yenu ni ya mkazi wa jimbo. Kwenu huduma hii ni nyota tano bila ubishi. Nimekutana na wengi wenu maghalani mkibeba maboksi usiku na kusoma mchana. Waulizeni washauri wenu kama kazi inayoendana na masomo yenu inaweza kusajiliwa kama koopu. Nawafahamu watu walioambiwa ndiyo.

Na wewe uliye Tanga au Mombasa na barua ya chuo mkononi, kabla hujaikubali waandikie ofisi ya koopu, si ofisi ya udahili, na uwaulize mambo haya: krediti ya koopu inalipiwa kiasi gani na mwanafunzi wa kigeni, je, inahesabiwa kwenye zile za kuhitimu au inaandikwa pembeni tu, na raundi zikiwa tatu, naweza kufanya moja kwa muda nusu? Wakikujibu kwa tarakimu, nenda. Wakikutumia kipeperushi chenye picha, andika tena.